Tanuri la Mzee Turgun

Siku ya tisa tangu gesi ikatike mtaani, Zebo alifagia ua kabla jua halijatoka, kisha akainama mara tatu mbele ya baba mkwe wake, mzee Turgun, kama inavyompasa mke wa mwaka wa kwanza huko Margilan. Mzee akaonja chai. Ilikuwa baridi.

"Hii ni chai au maji ya kuoshea maiti?"

Akaanza kupayuka. Mzee Turgun hakuhitaji sababu. Hasira zake ziliamka naye kila siku, na daima alikuwepo wa kumpelekea chai. Zebo alikazia macho viatu vya mzee, akasoma kwa kunong'ona dua aliyofundishwa na bibi yake: Ewe Mola, tunakuweka mbele ya vifua vyao, na tunajikinga kwako na shari zao. Moyo wake ukatulia. Hasira zilipokosa pa kuingia zikampita begani, zikavuka ua, zikaingia kwenye tanuri la udongo. Tanuri likawa jekundu.

Mama mkwe, Bi Hanifa, akaligusa kwa kidole alichokilowesha mate.

"Unga uko wapi? We Zebo, usiache kusoma!"

Mikate ishirini ikaiva. Kufikia Ijumaa majirani walipanga foleni na masinia ya unga uliokandwa, na kila mmoja alikuja na lake la kumchokoza mzee. Mmoja alimwambia kware anayemfuga ameshazeeka, hajui tena kulia. Mwingine alimuuliza, kwa kitambi chake kile, atajifungua lini. Mzee akalipuka.

"Mashallah, leo limewaka vizuri," wakasema.

Wote walijua kwamba Mtume alimwagiza mwenye hasira aketi chini. Hakuna aliyemwambia mzee aketi.

Zebo alikuwa na mimba ya miezi minane, na aliogopa. Kila mzee alipopaza sauti mtoto alijikunja tumboni, asicheze tena hadi adhuhuri. Kwao Rishtan mama yake alikwishatandika godoro, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, na arubaini huishia huko huko.

"Mama, niruhusu niende," Zebo akamwomba Bi Hanifa.

"Na mikate, binti yangu? Gesi ikirudi utakwenda. Wallahi."

Mume wa Zebo, Shavkat, alikuwepo. Alichunguza ukucha wake.

Asubuhi moja Zebo akajaribu kutosoma. Hasira zikamjia moja kwa moja, kitambaa chake cha kichwani kikaungua upindoni, na mtoto akapiga mateke kama anayetafuta njia ya kutokea. Zebo akasoma haraka haraka. Majirani walilalamika kwamba siku ile mikate ilichelewa.

Gesi ilirudi Jumanne. Jiko liliwaka moto wa buluu. Zebo alifunga nguo za mtoto kwenye shuka, akavaa koti, akasimama mlangoni. Bi Hanifa akaoka mkate mmoja kwa gesi, akaumega, akatafuna taratibu. Nyumba nzima ikamngoja ameze.

"Mkate wa gesi hauna ladha," akasema.

Akazima jiko. Akatia vijiko vitatu vya chumvi kwenye chai ya mzee, akakoroga. Shavkat akamsaidia mkewe kuvua koti. Zebo akaweka kifurushi chini, akapokea bakuli la chai kwa mikono miwili, akaanza kusoma kabla hajafika chumbani kwa mzee.