Lango Lisilo na Kufuli

Changarawe ndizo zilizosikika kwanza. Zilisagika polepole, hatua kwa hatua, zikitokea kwenye spika za kompyuta kabla skrini haijawaka. Fundi mitambo alidhani ni waya mbovu, akaugonga. Skrini ilipowaka, picha za mlima zilionekana zimejipanga kwenye kuta za ukumbi wa maonyesho wa mtandaoni, na ikawa wazi kwamba sauti ilikuwa ya njia iliyopigwa picha.

"Punguza sauti tu," alisema Kisigino, mpiga picha.

Ofisini walimpa jina hilo kwa sababu hapandi gari mahali ambapo miguu inatosha. Mwezi uliopita alipanda mlima pamoja na mama yake ili wafike kwenye kaburi la baba, karibu na kilele. Hawakufika. Kampuni ya machimbo ilikuwa imezungusha uzio na kufunga lango kwa kufuli kubwa lenye nembo yake. Mama alishika vyuma vya lango, akalitazama kaburi kwa mbali, wakateremka. Kisigino alikuwa amepiga picha njia nzima, na sasa alizipanga kwa mfuatano ule ule wa kupanda, ili mtazamaji asiweze kuruka hata kona moja. Ya mwisho ilikuwa ya lango. Watazamaji wa majaribio walilalamika kwamba vigimbi vya miguu vinawauma. Waliambiwa wanywe maji, wapumzike.

Mkurugenzi alipita na kikombe chake. Mfadhili wa maonyesho alikuwa kampuni ile ile ya machimbo.

"Picha nzuri, binti yangu. Ila hilo kufuli linatuharibia. Lifuteni."

"Kufuli ndiyo picha yenyewe, mzee."

"Mlima ubaki, kufuli liondoke. Kuna lugha nyingine nitumie?"

Fundi, ambaye alikuwa na watoto wa kusomesha, alilifuta. Kazi yake ilikuwa safi. Hata kivuli cha kufuli alikiondoa. Lango la pichani lilibaki limeegeshwa tu, kisha upepo wa mlimani ukalisukuma, likafunguka.

Mama ndiye aliyetangulia kuingia. Alikuwa amemletea binti yake mwavuli ofisini, akaona lango liko wazi, akakaza kitambaa kichwani na kupitisha mguu kwenye skrini.

"Mama, polepole, hapo pana utelezi."

"Nimekuzaa mimi, leo unanifundisha kutembea?"

Alipalilia kaburi la mumewe hadi jioni. Alirudi na udongo kwenye pindo la gauni, akaomba ufagio afagie alichomwaga sakafuni.

Kesho yake walikuja wengine waliozika kule juu: wajane, wajukuu, na babu mmoja aliyebishana na mlinzi wa mapokezi kwamba jembe si silaha. Fundi alitandika gunia la kufutia miguu mbele ya meza. Mama alirudi kila siku, akawa na mahali pake pa kukaa kando ya kaburi.

Ndipo kampuni ikapiga simu. Mkurugenzi alishuka ngazi akiruka.

"Rudisha kufuli!"

"Ulisema lifutwe, bosi," alisema fundi. "Nililifuta likafutika. Halirudi."

"Basi wewe, Kisigino, chora jingine. Sasa hivi. Ukikataa, kazi huna."

Kule mlimani, lango la chuma lilikuwa bado limefungwa. Mlinzi wake aliwafukuza watu kama kawaida, na tingatinga lilikuwa limeshakula nusu ya mteremko. Lilisikika hata kwenye picha, nyuma ya makaburi, na vumbi lake lilikuwa linatua kwenye kikombe cha mkurugenzi. Aliliondoa kwa kijiko. Ndani ya skrini, mama aligeuka kutoka pale alipokaa.

"Wakifika hapa je, mwanangu?"

Kisigino alivuta kiti, akakiweka kati ya mkurugenzi na kompyuta, akakikalia. Alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti ili mama asikose neno.

"Wakifika, mama, nitawapiga picha wao na tingatinga lao. Nitawatundika pale mwanzo kabisa, kila anayeingia aanze na sura zao. Na lango silifungi, nakuahidi huyu mzee akisikia. Kazi achukue. Lango, afunge mwenyewe kama ana ubavu."