Bulongo ya Kwetu

Jedwali langu lilikuwa na mistari ishirini, na mstari wa kumi na nne ulinitia wazimu. Udongo, bulongo tunavyouita hapa, wa bustani kumi na tisa karibu na bomba la moshi la kiwanda ulijaa shaba. Bustani ya Mama Léonie, huo mstari wa kumi na nne, katikati yazo: karibu hakuna kitu.

Profesa Adalbert, msimamizi wa mémoire yangu ya kumaliza chuo, hakunizungusha. "Dorine, ulichanganya mifuko ya udongo. Leta maelezo Ijumaa, ao hautetei mwaka huu."

Mimi, kuchanganya mifuko! Nilipanda pikipiki nimefura. Mama Léonie nikamkuta bustanini anachuma majani ya lengalenga.

"Mama, nilikuuliza bulongo ya hii shamba inatoka wapi. Ulisema 'ni ya kwetu'. Njo nikaandika: ya hapahapa."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hapa njo kwetu? Mi kwetu ni Kasenga, mutoto yangu!"

Akanieleza huku mikono ikiendelea kuchuma. Alipoolewa hapa, kila alichopanda kilikauka. Alikuwa muuza samaki; basi kila alipotoka Kasenga alipanda lori na vikapu vyake, na mfuko mmoja wa udongo wa kando ya mto Luapula. Kila kiangazi anakwangua udongo wa juu ulioshika moshi, anamwaga mpya. Miaka thelathini na mmoja.

"Yote hii, mama? Mpaka ku ukuta?"

"Mpaka ku ukuta. Chimba uone."

Nilichimba kwa mikono. Kiwiko kilizama kabla sijagusa udongo mwekundu wa hapa. Jamani! Siku ile nilikuja na buti na koleo, nikajaza mfuko na fomu kwa dakika tano, kumbe nimesimama juu ya mgongo wa mwanamke mmoja. Nilibaki nimepiga magoti, machozi yananilenga, hasira yote kwisha.

"Aksanti, mama. Umeniokoa."

"Na ile mufuko ulibebaka?"

"Iko ku labo, kwenye tunapimaka bulongo."

"Utarudisha siku gani?"

Hakuwa anatania. Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kwa profesa, nilimpelekea mfuko wake. Akaupima mkononi.

"Iko pungufu."

"Konzi moja ilienda mu asidi, mama. Pardon. Sasa iko mu mémoire."

Akautawanya udongo kwenye tuta taratibu, akakung'uta mfuko mpaka vumbi la mwisho, kisha akanitazama.

"Basi andika muzuri," akasema. "Ile konzi nilibeba mi mwenyewe."