Vidoa Vyeupe Machoni mwa Babu Fonoti

Bibi Sieni alikuwa anapanda ndege Alhamisi kwenda kuishi kwa binti yake Auckland. Kabla ya kuondoka alitaka picha yake itundikwe sebuleni kando ya picha ya marehemu mumewe, Babu Fonoti. Sharti moja tu: mwanga uwe uleule.

"Usije ukanipiga nikaonekana mimi niko jikoni na yeye yuko barazani," aliniambia. "Ikitoka hivyo, na yeye namng'oa ukutani naondoka naye."

Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo, maana yake ni kwamba harusi zote napiga bure.

Picha ya Babu ilipigwa miaka arobaini iliyopita, nje, saa sita mchana, kofia ya ukindu kichwani. Kwa jua la Samoa saa sita, tena na kofia, uso ulitakiwa uwe mweusi kama uvungu wa kitanda. Lakini wapi! Uso umejaa mwanga laini, hadi mikunjo ya shingo unaihesabu. Kuna kitu kilikijazia mwanga kile kivuli, na aliyepiga alishakufa na siri yake.

Jumatatu nikajaribu flashi. Bibi akajiangalia kwenye kamera.

"Huyu mama kaiba kuku wa nani?"

Nikatandika shuka jeupe mbele ya miguu yake limrudishie jua usoni. Upepo ukalibeba, likamfunika nguruwe wa mchungaji, naye akatimua mbio nalo mpaka shuleni.

Jumanne asubuhi nikachukua kioo cha kukuzia, nikamkodolea Babu macho. Taa inayommulika mtu huacha alama kwenye mboni. Flashi ingeacha nukta moja kali. Babu alikuwa na vidoa vyeupe vingi, vimejipanga mstari, na kila kidoa kimevaa kofia.

"Malaea!" nikamwita binamu yangu, kiongozi wa kwaya. "Njoo uone. Hawa si wanawake hawa?"

Akachungulia. "Wametoka kanisani hao. Jumapili hiyo, wote na nguo nyeupe, wamesimama juani mbele yake. Shuka lako ni sisi, we mjinga."

Sasa Jumapili Bibi si atakuwa Auckland? Malaea akapiga simu. Kabla ya saa sita wanakwaya wanane wakafika na magauni yao meupe na kofia za kanisani. Nikawapanga mbele ya kiti cha Bibi uani, naye kavaa kofia. Uso ukapata mwanga, lakini nusu tu.

Ila kijijini kwetu, wanawake wakivaa nyeupe Jumanne na kuelekea nyumbani kwa mtu wa miaka themanini na nne, hakuna anayeuliza kuna nini. Watu wanabadilisha nguo, wanabeba mikeka na makopo ya samaki ya rambirambi, wanakuja msibani.

"Sieni wee! Umetuacha!" Mama Fetu alikuwa analia tangu barabarani, amevaa nyeupe, na kundi zima nyuma yake.

"Nani kawaacha?" Bibi akafoka kutoka kitini. "Mimi napigwa picha! Na wewe Fetu, ndiyo makopo mawili hayo? Miaka sitini ya ujirani, makopo mawili?"

"Jamani, tuliona kwaya..."

"Umeona kwaya ukaniua!"

Nikaona bahati inaniangukia. "Wafiwa wote!" nikapaza sauti. "Mbele ya kiti, mstari mmoja, msizibe jua!"

Wakajipanga watu thelathini, wengine bado wanafuta machozi. Uso wa Bibi ukajaa mwanga chini ya kofia, laini vilevile kama wa Babu. Nikabonyeza.

Jumatano nikaichapisha picha mjini Apia, nikaitundika sebuleni. Mwanga haukuwa na kasoro. Tatizo ni kwamba Bibi alikuwa ameachama, kidole kimemnyooshea Mama Fetu.

"Turudie, Bibi?" nikauliza. "Nguo nyeupe bado hazijarudi sandukuni."

Akamtazama mumewe, akajitazama, akamtazama tena.

"Mwanga ndio wenyewe."

"Na mdomo?"

"Uache. Nikiufunga hatanijua."