Viatu vya Mume Wangu

Tulikuwa na miezi mitano njiani, mabegi mgongoni, magoti ya mume wangu yakavimba. Nikamwambia tupumzike ufukweni siku tatu. Siku ya kwanza alilala kama gogo. Ya pili alifua nguo zangu zote, akashona mkanda wa begi langu. Mimi na akili zangu nikafurahi: mwenzangu kapata nafuu!

Siku ya tatu asubuhi nikamkuta mfagiaji wa nyumba ya wageni amevaa viatu vya safari vya mume wangu. Nikamjia juu. "Umevitoa wapi hivyo?"

"Kanipa shemeji, dada. Kasema yeye safari basi."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amekaa mchangani, peku, ananiangalia.

"Nilitaka kukuambia jana," akasema, "ila ulikuwa unacheka."