Bakteria wa Mjomba Deogratias

Mwaka ule tulipoambiwa soko huria ndilo litakalotutunza, ruzuku ya mbolea ilifutwa na bei ya mfuko ikapaa. Mjomba Deogratias, mkulima wa Ruhembe, hakutetereka. Shamba lake la mahindi lilikuwa limechoka mpaka linaota mawe, lakini mwenzetu alikuwa na mpango: majani makavu ya miwa, ambayo sisi wajinga tulikuwa tunayachoma moto, yataoza yawe mboji kabla ya mvua. Yasipooza, hakuna mahindi, na tutashinda tukitafuna miwa.

Gulioni Kidodi alinunua pakiti ya unga kwa kijana mmoja mwenye tai. Kijana alieleza vizuri tu: humo ndani wamo bakteria hai, wakoroge kwenye maji, mwagia majani, nao watatoa vimeng'enya vya kuyavunjavunja mpaka yawe udongo.

Mjomba akamkabidhi pakiti mkewe, Mama Regina, mjumbe wa kamati ya kipindupindu. Katika nyumba ile hata maji ya kunawia miguu yalichemshwa.

Nikamkuta na sufuria jikoni. "Unapika nini, mama?"

"Dawa ya mjomba wako. Eti ina bakteria."

"Hao ndio wafanyakazi wenyewe."

"Basi wafanye kazi wakiwa safi."

"Mwache," mjomba akasema. "Mwenzio kahudhuria semina. Bakteria watakufa, dawa itabaki."

Tukaimwaga supu ile kwenye lundo. Wiki zikapita, majani yakazidi kung'aa, ungeweza kuyapambia harusi. Kila asubuhi mjomba alizamisha mkono kutafuta joto.

"Yanaanza," anasema.

"Yanaanza kufanana na mimi, mjomba. Yamemaliza shule, yamekaa tu."

Siku moja ng'ombe wa jirani yetu Lenku, mfugaji, walivunja uzio. Walikula lundo upande mmoja, wakalikanyaga, wakalinyea na kulikojolea bila haya. Mjomba akamwahidi Lenku kwamba wakionekana tena, mwenye ng'ombe atawafuata buchani.

Manyunyu yakapita. Asubuhi moja upande ule ulionyewa ukawa unafuka moshi. Mjomba akazamisha mkono, akautoa mbio, anaupuliza. Upande mwingine bado ulikuwa harusini.

"Matumbo ya ng'ombe yamejaa bakteria wa kazi hiyo hiyo," nikamwambia. "Bahati nzuri hakuna aliyewachemsha."

Akayatazama mawingu yaliyotanda upande wa Mikumi, akavaa shati lake la kanisani, akaenda kwa Lenku. Nikamfuata; burudani kama ile si ya kukosa.

"Rafiki, ng'ombe wako wameadimika siku hizi."

"Si ulisema niwafuate buchani?"

"Yale yalikuwa mazungumzo tu ya majirani."

Lenku akamwangalia mpaka shati likaanza kumbana. Kisha akafungua zizi. "Wapite upande upi?"

"Ule mkavu."

Tulipofika nyumbani na kundi zima, Mama Regina alikuwa amesimama karibu na lundo, ndoo inatoa mvuke.

"Karibuni," akasema. "Maji yao ya kunywa nimeshachemsha."