Aproni ya Mama Unga

Mlango ulikuwa wazi, na mwanamke asiyemjua alikuwa anakaanga mayai jikoni kwake.

Mama Unga alisimama kizingitini, mfuko wa mapazia kwapani, akasahau hata kubisha hodi. Alikuja kuyajaribu kwenye kidirisha kinachotazama gurudumu la maji. Aliyashona bila kupima, maana kipimo cha kidirisha kile alikuwa nacho kichwani tangu alipoolewa na msaga nafaka. Mwanawe alimhamisha kinu hicho, ambacho ndicho nyumba yao, kilipoanza kukarabatiwa. "Ni kwa muda tu, mama. Kuta zikikauka unarudi kwako." Tangu hapo alilala chumba cha uani kwa huyo mwana mjini, na kila akiuliza, chokaa bado mbichi. Mvua zilikuja zikaisha, jua likawaka mpaka mito ikanywea, na chokaa ikabaki mbichi vilevile. Leo uvumilivu ulimwisha, akapanda gari bila kumuaga mtu.

"Shikamoo, bibi," mgeni alisema, mwiko mkononi. "Bila shaka wewe ni jirani. Karibu ndani. Sisi wageni tuliokodi siku chache tunajipikia wenyewe, kwa hiyo usishangae nikiunguza."

"Marahaba," Mama Unga alijibu, akaingia nyumbani kwake kwa kukaribishwa.

Alipewa chai, akaketi juu ya sanduku la nafaka, ambalo sasa lilikuwa limetandikwa mito. Jiwe la kusagia lililokula ujana wa mumewe lilikuwa meza ya vikombe. Alipitisha kiganja ukutani kama mtu anayejishikiza, akakuta pakavu kabisa. Moyo ulimshuka, ila hakukubali haraka. Huenda zimekauka juzi tu. Huenda mwanawe alitaka kumshtukiza. Alikuwa hodari wa kumtungia mwanawe visingizio, kumshinda hata mwenyewe.

Kisha akaiona aproni yake, ile yenye alama ya kuungua mfukoni, imetundikwa msumarini kando ya mlango. Kule mjini aliitafuta mpaka chini ya godoro. Mwanawe alimwambia ilipotea wakati wa kuhama.

"Ilikuwa ya mama mwenye kinu," mgeni alisema, akiyafuata macho yake. "Mwenye nyumba anasema hawajaigusa tangu siku aliyofariki."

"Aliyofariki," Mama Unga akarudia.

"Ndiyo, tena alifia humuhumu, ameketi dirishani anasikiliza maji. Mwanawe akisimulia, machozi yanamlengalenga. Hilo ndilo lililotufanya tuchague hapa. Kwingine kuna mabwawa ya kuogelea, lakini hakuna hadithi."

Chai ilimpalia. Kuhamishwa angesamehe, na uongo wa chokaa angeumeza. Ila machozi? Mtoto yule hakudondosha chozi hata siku walipomzika baba yake. Kumbe aliyaweka akiba, ayatumie mbele ya wageni kumlilia mama aliyemwacha mjini akishona mapazia. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Ulimjua?" mgeni aliuliza taratibu.

"Nilimjua. Alikuwa mbishi, lakini mwepesi wa kuamini."

Gari lilisimama nje. Mwanawe aliingia na shuka safi zilizokunjwa, rundo likimfika kidevuni, tabasamu la kupokea wageni likiwa tayari usoni. Alipomwona mama yake, tabasamu lilibaki palepale, halina kazi.

"Umefika wakati mzuri," mgeni alimwambia. "Bibi huyu ni jirani. Alimjua marehemu mama yako."

Kijana alimtazama mama yake kwa macho yaleyale ya utotoni, siku aliyoangusha gunia la unga mtoni, macho ya kuomba mambo yafunikwe kabla baba hajarudi. Siku ile mama aliyafunika. Aliyafunika mengi. Hata sasa alijua neno moja tu lingetosha: angekubali kuwa jirani, anywe chai yake, kisha arudishwe mjini kwa maneno matamu.

Alikiweka kikombe juu ya jiwe la mumewe. Akasimama, akanyoosha gauni lake, akampa mwanawe mkono kama wanavyopewa wafiwa.

"Pole kwa msiba, kijana," alisema. "Mlimzika wapi?"

Mgeni naye akamgeukia mwenye nyumba, sahani ya mayai mkononi, akingoja, maana hilo hakuwahi kuwasimulia.