Majina ya Klabu ya Kitani

Kijiko kiligonga glasi mara tatu upande wa pili wa ukuta wa jikoni kwangu. Ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, bado giza. Nikajifunga kanga juu ya sweta nikatoka, maana tulikuwa tumeahidiana.

Mzee Ryhor ni jirani yangu hapa Saint-Gilles, huku ughaibuni, mlango kwa mlango, mwaka wa tisa sasa. Kwao ni Belarusi, mji mdogo uitwao Vyarbova. Huko alitunza uwanja wa klabu ya mpira ya kiwanda cha kitani kwa miaka thelathini na mmoja. Klabu imekufa, na uwanjani pamejengwa ghala. Kilichobaki ni daftari lenye jalada la kitambaa, lenye majina ya wachezaji kwa herufi za kwao, na desturi yake: siku ya kwanza ya msimu, kabla jua halijachomoza, mtunza uwanja husoma kwa sauti jina la kila aliyewahi kuichezea, tangu mwaka 1946. Hawajaruka hata mwaka mmoja. Alipohamia huku kwa binti yake aliendelea kusoma jikoni, peke yake. Mimi nilimsikia ukutani nikadhani anasali.

Mwezi wa pili alipasuliwa koo. Akapona, ila sauti haikurudi. Sasa huongea kwa kuandika Kifaransa kwenye ubao mdogo. Wiki iliyopita aliandika: "Mwaka huu mnyororo utakatika, Madame Georgina."

"Nitasoma mimi," nikamwambia, "mradi herufi ziwe ninazozijua."

Basi nilikuta mezani karatasi kumi na nne. Majina mia mbili na sita, ameyaandika upya yote kwa herufi zetu, tena makubwa, kwa kuwa miwani yangu imechoka. Sikuwa nimemwambia. Aliona mwenyewe. Na kwenye kiti changu aliweka mto.

Nikaanza. "Anton Sauka."

Kisha mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajibu: "Utuombee."

Miaka sitini ya litania, tangu kanisani Bukoba! Nikauziba kwa mkono. Mzee akainua nyusi. Nikamweleza kwa aibu kwamba ndivyo tunavyowaitikia watakatifu wakitajwa mmoja mmoja.

Alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika. Akaandika: "Sauka alikuwa golikipa. Aliiba kuku wa meneja. Huyo tumwombee sisi."

"Kuku wameshamsamehe, Mzee."

Akafuta, akaandika: "Endelea hivyo hivyo."

Nikaendelea, kila jina na itikio lake. La nne na la saba yalikuwa ya wanawake, Hanna na Volha. Nikamtazama. Akaandika: "Baada ya vita wanaume tulikuwa nao tisa tu." Kwa hiyo wawili hao waliziacha mashine za kusokota nyuzi wakaingia uwanjani, timu ikatimia. Nikayasoma tena majina yao, polepole.

Kando ya majina mengine alikuwa ameandika maelezo mafupi: palikuwa na ndugu watatu waliopokezana jozi mbili za viatu. Palikuwa na mmoja aliyecheza dakika nne, mara moja tu maishani mwake. Naye yumo, kwa herufi kubwa sawa na za nahodha.

Nilipotamka la mwisho, tramu zilikuwa zinapita na dirisha limeanza kuwa jeupe, lakini jua bado. Hatukuchelewa. Hapo ndipo nikagundua kwamba Mzee, na magoti yake yale mabovu, alikuwa amesimama muda wote, kofia mkononi, midomo ikifuata kila jina.

Akafungua daftari ukurasa wa nyuma, kwenye orodha ya waliosoma. Watu wanne tu, miaka yote hiyo. Chini ya jina lake akaandika langu.

Nikainuka niende. Akanishika mkono wa sweta, akaandika haraka, chaki ikikatika:

"Kesho njoo tena, tafadhali. Bila majina. Nina chai na asali."